Shangazi aliuliza swali moja, nikafuta kazi ya wiki tatu

Shangazi yangu huuza samosa na smokie karibu na steji. Leseni yake ya kaunti ameifunga na nailoni, ikaning'inia kwa toroli, mtu yeyote aione akiwa mbali. Jioni moja akanitumia meseji: "Baba, hiyo kitu yako ya simu inasema mimi ni mkosaji. Sasa leseni nililipia ya nini?"

Nilicheka kwanza. Halafu nikafungua ukurasa wenyewe, nikaacha kucheka.

Kwa wale wamejiunga juzi: mbali na kurekodi video, mimi hufanya kazi ndogo ndogo za kompyuta. Mwaka jana kikundi fulani, sitakitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu na si lao, kiliniita niweke sheria za kaunti kwenye mtandao zisomeke kwa simu ya kawaida. Si PDF ya kurasa themanini inayokula data yako halafu inakutaka uzumu kila mstari. Ukurasa safi, herufi kubwa, ukitafuta "hoka" unapata hoka. Nikasema hiyo ni rahisi, nipeni wiki tatu. Nikamaliza kwa wakati. Ikatoka fiti kabisa, nikajiposti nayo, mkanipigia makofi.

Kifungu ambacho shangazi alisoma kilikuwa chini ya kichwa "Makosa". Sheria yenyewe ni ya Kiingereza, lakini maana yake ni hii. Mtu yeyote ambaye (a) anauza chakula kando ya barabara, (b) anatembeza bidhaa sokoni, au (c) anaweka meza mbele ya duka, bila leseni iliyotolewa chini ya sheria hii, ametenda kosa.

Kwenye ukurasa wangu kilikuwa hivi: Makosa. Mtu yeyote ambaye (a) anauza chakula kando ya barabara, (b) anatembeza bidhaa sokoni, au (c) anaweka meza mbele ya duka.

Imeisha. Yale maneno ya mwisho, "bila leseni", hayapo. Hakuna alama nyekundu wala nafasi tupu ya kukuonyesha kuna kitu kimeanguka. Ukurasa msafi unaodanganya. Na fikiria askari wa kanjo amekusimamisha, wewe unatoa simu umwonyeshe sheria, na sheria kwenye simu yako inamuunga mkono yeye.

Sasa nataka tuongee vile hiyo ilifanyika. Najua wengi wenu mnasoma kompyuta, wengine mnatengeneza tovuti za makanisa na chama, na mtakuja kufanya hilo kosa langu mkiwa na confidence yote.

Zile sheria nilipewa zilikuwa kwa XML. Kama hujawahi kuona XML, chukua faili yoyote ya Word yenye .docx, tengeneza kopi, badilisha mwisho wa jina uandike .zip, ifungue. Ndani kuna folda inaitwa word, na humo kuna document.xml. Hiyo ndiyo insha yako ya fomu tatu ikiwa bila nguo. Kila kipande kimezungukwa na tagi inayosema hiki ni aya, hiki ni jedwali. XML haisemi kitu kikae vipi kwa skrini, inasema kitu ni nini.

Sheria zina XML yao maalum inaitwa Akoma Ntoso. Jina ni la Kiakan, lugha ya Afrika Magharibi, maana yake ni nyoyo zilizounganika. Ilitokana na mradi wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia mabunge ya Afrika, mradi uliokuwa na ofisi hapa Nairobi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, wakaichora. Mwaka 2018 shirika la OASIS likaipitisha iwe kiwango cha kimataifa. Nilifurahi sana kujua hivyo, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba kila kitu kwa hii kazi kimetoka California.

Ndani ya Akoma Ntoso, kifungu kama kile cha shangazi kinakatwa vipande. Maneno ya kuanzia, "Mtu yeyote ambaye", yanakaa kwa tagi inaitwa intro. Zile (a), (b), (c) kila moja ni paragraph. Na maneno ya kufunga, yanayohusu zote tatu, yanakaa kwa tagi inaitwa wrapUp. Weka hiyo ya mwisho akilini.

Kubadilisha XML iwe ukurasa wa kusomeka, unaandika stailishiti. Lugha yake ni XSLT, na toleo la kwanza lilipitishwa na W3C tarehe 16 Novemba 1999. Wengi wetu hapa tulikuwa hatujazaliwa. Stailishiti inachukua hati upande mmoja na kutoa hati nyingine upande wa pili. Na kuna njia mbili za kuiandika. Hapo ndipo niliteleza.

Njia ya kwanza ni ya kuchota. Wewe ndiye unachora ukurasa, halafu kila mahali unaenda kwa hati kuchukua unachotaka. Nipe kichwa. Nipe intro. Sasa pitia kila paragraph, moja baada ya nyingine, uziweke hapa. Amri yake ni for-each. Ukiwa umetoka kwa Python au JavaScript unaipenda mara moja kwa sababu inafanana na kile unajua. Mafunzo mengi ya intaneti pia yanaanza na hiyo, na mfano wao ni orodha ya CD za muziki: kila CD ina jina, mwimbaji, bei, basi. Ukimaliza somo unadhani umejua XSLT. Umejua CD.

Njia ya pili ni ya kuachilia. Huendi kuchota chochote. Unaandika kanuni ndogo ndogo, zinaitwa templeti: ukikutana na section, fanya hivi, ukikutana na intro, fanya vile. Halafu unasema apply-templates, hati inapita yenyewe kuanzia juu hadi chini, na kila kitu kinachopita kinakutana na kanuni yake.

Mimi huifikiria kama makanga mlangoni. Hana orodha ya majina ya abiria. Mwanafunzi amekuja, analipa nusu. Mama ana gunia, gunia linaenda nyuma. Mzee amekuja, mtu asimame. Na akitokea mtu wa aina ambayo makanga hajawahi kuona, bado anapanda. Ile njia ya kuchota ni basi la harusi: kama jina lako haliko kwa karatasi, mnaachana hapo barabarani, na dereva hata hajui alikuacha.

wrapUp haikuwa kwa karatasi yangu. Nilijaribu stailishiti yangu na sheria mbili fupi, zote hazikuwa na wrapUp hata moja, nikaona iko sawa. Halafu nikapitisha zote tisa. Kompyuta ilifanya vile niliambia, na nilikuwa nimeiambia ilete intro na paragraph. Haikuwa na sababu ya kulalamika.

Kwa hivyo msimamo wangu, na najua kuna watu watakuja kwa koments na mapanga: kama hati iliandikwa na binadamu kwa ajili ya binadamu wengine, iwe sheria, katiba ya chama, kitabu, mahubiri, rekodi za mkutano, tumia njia ya kuachilia. Usianze na for-each. Hati ya watu haina umbo moja. Mwandishi wa sheria akifika kifungu cha arobaini anaweza kuamua kuweka jedwali katikati ya sentensi, na hatakupigia simu kukuarifu.

Kuna siri moja inafanya njia ya kuachilia iwe salama zaidi. XSLT ina kanuni zake za kuzaliwa nazo. Ikikutana na tagi ambayo hujaiandikia templeti, haiitupi. Inaingia ndani na kutoa maandishi yaliyomo. Yatatoka bila mpangilio, labda yamegandana na ya jirani, lakini yatatoka. Kama ningeandika hivyo tangu mwanzo, shangazi angeona "bila leseni" imekaa vibaya mwisho wa mstari. Angenitumia meseji kwamba ukurasa wangu ni mbaya. Hiyo ningeichukua.

Sitawadanganya kwamba ni raha tupu. Nilipoandika upya kwa njia ya kuachilia, ukurasa wa kwanza ulikuja na takataka juu kabisa: maelezo ya wahariri yaliyokuwa yamefichwa kwa tagi ya meta, ile "mstari huu ulirekebishwa, angalia gazeti rasmi". Yote yakamwagika kwa skrini. Ikabidi niandike templeti tupu ya meta, maana yake ukikutana na hii, nyamaza. Siku mbili nzima nilikuwa nafagia vitu vya aina hiyo. Lakini angalia tofauti. Kila kitu nilichofagia nilikiona kwanza, na niliamua mwenyewe kukiondoa. Kwa njia ya kuchota, kompyuta iliniondolea na haikuniuliza.

Na hata kumwagika si lazima utegemee. Unaweza kuandika templeti ya mwisho inayokamata tagi yoyote isiyo na kanuni, ndani yake uweke xsl:message yenye terminate="yes". Kazi inasimama hapo hapo na kukutajia jina la tagi. Toleo la 3.0, la mwaka 2017, limerahisisha zaidi: kwa xsl:mode unaweka on-no-match="fail" na biashara imeisha. Manze, hiyo mstari mmoja ingeniokolea aibu yote.

Si kwamba for-each ni mbaya kila mahali. Ratiba ya mechi, bei za soko, viwango vya dola: hivyo vitu vina umbo moja kila siku, na wewe unataka safu tatu tu kati ya kumi. Chota. Hata kwa zile sheria bado nina for-each moja, kwa ukurasa wa yaliyomo, kwa sababu hapo nataka vichwa vya vifungu peke yake. Ningeweza pia kutumia mode, ambapo section ileile inapitiwa mara mbili, mara ya kwanza inatoa kichwa kwa yaliyomo, mara ya pili inatoa maneno yote, kila pito na templeti zake. Sikuona haja. Kwa yaliyomo kitu kikikosekana, mtu bado atakikuta chini.

Jamaa yangu mmoja, mtu wa Python sugu, alisema shida ni XSLT yenyewe. Ati ni lugha ya wazee, tumia Python uishi. Nikamwambia sawa, nionyeshe. Akaandika mistari kumi na tano mizuri kabisa, na wa tatu ulikuwa unatafuta kila paragraph ndani ya kifungu, ukizikusanya kwa orodha. wrapUp ikabaki nje. Kosa langu lilelile, kwa lugha ya kisasa. Unaweza kutembea hati nzima kwa Python, tagi kwa tagi, na kupiga kelele ukikutana na usichokijua. Fanya hivyo, sina ugomvi. Ila hiyo unayojenga ni templeti na apply-templates kwa mkono, na kuna watu walishaijenga.

Na wale wa "si uambie AI ikuandikie": niliiambia. Niliipa kifungu kimoja kama mfano, ikaniandikia for-each nzuri inayofaa kifungu hicho kimoja.

Kuna uamuzi mwingine nilikosea, na huu unawahusu hata wale wenye podikasti. Stailishiti inafanya kazi wapi? Toleo langu la kwanza lilifanya kazi kwenye brauza ya msomaji. Unaweka mstari mmoja juu ya faili ya XML unaosema stailishiti yangu iko pale, na simu ya mtu inajibadilishia yenyewe. Rahisi, huhitaji seva ya maana. Watu wa podikasti hutumia mbinu hiyohiyo ili mtu akibonyeza RSS yao asione vurugu ya tagi.

Mwaka 2025 Google ikatangaza kwamba Chrome itaacha XSLT, na ratiba waliyotoa inasema Novemba 2026. Firefox na Safari nao wameonyesha kwamba wanaelekea hukohuko. Sababu kubwa ni usalama. Maktaba ambayo Chrome hutumia, libxslt, ni ya zamani, imeandikwa kwa C, na kwa miaka mingi ilitunzwa na watu wa kujitolea. Huo mwaka wa 2025 mtunzaji wake akaachia. Unaelewa hiyo? Kampuni zenye pesa zote hizo zilikuwa zimekalia kazi ya mtu anayejitolea, na alipochoka, suluhisho likawa kutoa kitu chenyewe. Niko na hasira kidogo hapo lakini tuendelee.

Hata bila hiyo habari, brauza hazikuwahi kupita toleo la 1.0. Ule mstari wangu wa on-no-match haungefanya kazi ndani ya simu ya mtu. Na ukibadilisha kwa simu, huwezi kukagua. Shangazi ndiye anakuwa mkaguzi wako.

Kwa hivyo sasa nabadilisha kwa laptopu yangu kabla ya kupandisha chochote. Kama toleo la 1.0 linakutosha, xsltproc ni bure na ni amri moja. Mimi natumia Saxon, ile ya HE ambayo pia ni bure, kwa sababu inasoma 3.0. Inatoka HTML ya kawaida ambayo hata simu ya zamani ya nyanya inafungua, na Chrome ikiamua kutoa nini mwaka gani, haitanihusu. Mwenye podikasti, wewe pia: tengeneza ukurasa wa kawaida wa vipindi vyako kutoka kwa RSS hiyohiyo, na uwape watu huo.

Baada ya kubadilisha, kuna ukaguzi mmoja ambao ningeufanya siku ya kwanza singekuwa naandika hii posti. Toa tagi zote kwa XML, ubaki na maneno ya sheria tu. Toa tagi zote kwa HTML. Linganisha. Kila neno la sheria liko? Ni programu ya mistari michache. Nilipoipitisha kwa kazi yangu ya zamani, ilinionyesha wrapUp zilizoanguka kwa sheria sita kati ya tisa. Kwa moja, kilichoanguka kilikuwa kiwango cha faini. Kwa nyingine, "isipokuwa kwa mtu mwenye ulemavu". Miezi miwili hiyo ilikuwa hewani, na aliyegundua ni mama wa samosa.

Niliwapigia wale watu wa kikundi nikawaambia yote. Hawakunifokea, jambo ambalo liliuma zaidi. Tuliondoa kurasa zote usiku huohuo, na tukaweka tangazo kwamba zilikuwa na makosa, na makosa yenyewe tukayataja kifungu kwa kifungu.

Shangazi hakutaka kusikia habari za templeti. Alitaka kile kifungu kwa karatasi, chote, na "bila leseni" ikiwa imekolezwa wino. Nikampelekea. Sasa kimekaa ndani ya nailoni ileile, nyuma ya leseni.

Sheria nane zimerudi hewani. Ya tisa, ile ya ada za soko, imegoma jana usiku. Saxon imesimama kwa tagi sijaiandikia kanuni, inaitwa listWrapUp. Nimeangalia ndani: ni maneno ya kufunga orodha iliyo ndani ya orodha. Naiandikia leo jioni.